Mstari wa Tatu wa Fundi Mahmud

Watu wa Langoni wana ulimi, na mimi ni mmoja wao, sikatai. Lakini kuna neno moja lililosemwa mtaani humu ambalo hata mimi naliona chafu. Neno lenyewe ni "hana kwao". Aliambiwa Mahmud, fundi wa vyombo vya miti, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, tulipokuwa vijana yeye na mimi, na amelibeba mpaka mvi zimemjaa.

Usidhani ni fundi wa milango na makasha. Hao wako kule mbele, wanakopita wageni wakawapiga picha. Mahmud hufanya vinu na michi, mbuzi za kukunia nazi, pawa za kuchotea mchuzi, miiko na vyano. Ni vyombo vya kukaa jikoni, hakuna anayevisifu ila vikikosekana. Siku hizi plastiki imemnyang'anya nusu ya wateja, na hiyo nusu nyingine huja wakati wa harusi tu. Hana mke, hana mtoto. Nyumba zetu zimeegemeana, basi namjua kwa masikio: sahani moja, kikombe kimoja, na redio. Akizima redio husikii tena kitu, kama nyumba imehamwa.

Hadithi yake ilianzia bara, ng'ambo ya kisiwa cha Ndau, siku za vita vya shifta, vijiji vya kule vilipokimbiwa. Mamake, Bi Safaa, alifika hapa na mtoto kiunoni na chano kichwani. Chano ni sinia la mti, kama hukijui, na watoto wa siku hizi hamkijui. Hakuja na kingine. Bwana Uthman, aliyekuwa fundi, akampa chumba cha uani. Hakuna aliyemwuliza babu wa babu yake, kwani mtu aliyekimbia na roho yake humwulizi hayo, humpa uji kwanza. Kabla watu hawajamaliza kumpa uji, homa ikamchukua. Mahmud alikuwa hajatimiza hata umri wa kujua jina la babake.

Kilichobaki ni kile chano. Chini yake kulikuwa na alama iliyochongwa na mkono wa mtu: mistari miwili imesimama sambamba, na pembeni yake wa tatu umepinda kama ndoana. Bwana Uthman alimlea yule mtoto, akamfundisha tezo na patasi, na siku alipomaliza kazi yake ya kwanza akamwambia aitie alama ile ya kwenye chano cha mamake. Akamwambia kila fundi ana alama, na yako wewe umezaliwa nayo. Kazi hiyo ya kwanza ilikuwa mbuzi. Mama yangu aliinunua kwa kumhurumia, maana mguu mmoja ulikuwa mfupi, na ndiyo hii ninayokunia nazi mpaka leo.

Masika yaliyofuata, mchwa wakaingia stoo wakala chano. Walikila chote, wakaacha ukingo mwembamba na vumbi. Nakumbuka alivyolia. Watu walimcheka, kijana mzima na ndevu zinaota analilia sinia. Mimi sikucheka, na mimi hucheka upesi.

Basi alama ikabaki mkononi mwake tu, na kila chombo alichokichonga akakitia chini yake. Alikwenda Ndau kuuliza. Wazee wa kule walimpokea vizuri, wakamlisha samaki, wakamwambia watu wa vijiji vile walitawanyika, wengine Kiwayu, wengine Mombasa, wengine Mungu ajua. Safaa mwenye chano hawakumkumbuka. Wakampa pole, akarudi na pole yake.

Kisha akataka kuoa. Alimtaka Rumaisa, bintiye Bwana Kamaludin, na Rumaisa, naweza kusema sasa kwa kuwa sote tumezeeka, alimtaka pia. Bwana Uthman akaenda kuposa. Kamaludin akamwuliza kijana ni mtu wa nani. Uthman akasema ni mtu wangu. Kamaludin akasema, wako kwa kazi, kwa damu je? Uthman akainuka akavaa viatu. Neno "hana kwao" lilitoka kwenye baraza ya Kamaludin, na kabla ya Ijumaa mtaa mzima ulikuwa nalo. Kuna mjinga mmoja alimpiga Mahmud kijembe njiani, mwacha asili ni mtumwa. Mahmud akamwambia, "Sikuiacha mimi. Iliniacha yenyewe."

Rumaisa akaolewa na Abdulghafur. Mahmud hakuposa tena. Nilimwambia mara ngapi sijui, wako wanawake Mungu aliowaumba wasio na baba kama Kamaludin. Alikuwa akitabasamu, anaendelea kupiga msasa. Unaweza kumpiga mtu kofi kwa tabasamu lile.

Haya. Mwaka jana, baada ya mvua kubwa, alikuja mtu wa Ndau anaitwa Mselem. Kazi yake ni kukamata kaa mikokoni. Alikuwa kwenye hori la ule upande wa bara, mkono wa bahari unaoingia mikokoni, pale palipokuwa na kijiji kimoja cha vile vilivyokimbiwa, akakuta ukingo umeporomoka, na ndani ya tope kumetokeza ubao mweusi. Alipouvuta, ikawa ni chano. Kilikuwa kizima kama kimechongwa juzi. Chini yake kulikuwa na gamba la tope na chaza, gumu kama saruji, lakini palipobanduka palionekana mstari mmoja na ndoana. Nyumbani kwao Mselem kuna mbuzi ya Mahmud, na mamake humtuma kuisugua. Aliijua ile alama. Akakifunga chano kwa gunia bichi, akapanda mashua, akaja nacho mpaka mlangoni kwa Mahmud.

Nilikuwapo. Mselem akamwuliza kama hiyo si alama yake. Mahmud alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuza, akapitisha kidole pale penye mstari. Akakaa chini kwenye maranda yake, akalia kwa sauti, mtu mzima wa miaka sitini na kitu, mpaka Mselem akatoka nje kwa haya.

Mimi ndiye niliyempigia simu Nerea. Ni msichana wa bara, kwao Busia, anafanya kazi ya mambo ya kale, na ana adabu kuliko wengi wa hapa. Alikuja akapiga picha kwa simu yake, kisha akakitia chano kwenye beseni la maji na kukifunika. Akasema huenda kina miaka mia tatu, huenda zaidi. Mti uliokaa topeni muda huo, alisema, hauna tena nguvu yake, ni maji tu yanayoushikilia. Ukikauka unakwisha. Yeye alikuwa na safari ya Nairobi kutafuta dawa ya kuugandisha. Akirudi ataliondoa lile gamba taratibu na alama yote itaonekana. Kazi ya Mahmud ni moja, kubadilisha maji na kukiacha humo humo. Mahmud akaitikia.

Tulipokuwa tunakunywa kahawa, Nerea akamwonyesha picha za vyombo vya watu wanaoitwa Wainu, wako Japani ya kaskazini kwenye theluji. Nao ni wachongaji, vyano, pawa, visu vyenye ala ya mti, vyote vimenakshiwa. Wana vijiti vya kuombea, na kwenye kijiti mwanamume huchonga alama ya ukoo wake, aliyoachiwa na babake, naye na babake, ili ombi likifika ijulikane limetoka nyumba gani. Na huko pia, alisema, ardhi chepechepe imetoa vyombo vya miti vya waliowatangulia, watu ambao hata jina walilojiita halijulikani tena. Mahmud akasema astaghfirullah, sisi twamwomba Mola bila kijiti. Lakini aliitazama ile picha ya alama mpaka kahawa ikapoa. Akasema hilo la babu nimelifahamu.

Siku zilizofuata, wallahi hungemjua. Alinyoa. Alivaa kanzu ya Idi siku isiyo Idi. Alikwenda kukaa barazani, yeye asiyekaa, na nikamsikia akisema "wetu wa bara", wetu walikuwa wachongaji, wetu walikaa karibu na hori. Nilikuwa nimeishi naye ukuta kwa ukuta umri wangu wote na sijawahi kulisikia neno "wetu" kinywani mwake. Watu walimsikiliza. Asubuhi alikuwa akinigongea kuniambia jambo jipya alilolifikiria juu ya babu asiyemjua. Alinichosha, na nilifurahi.

Kisha maji yakaanza kunuka.

Aliyabadilisha, yakanuka tena, na juu pakafanya utando mweupe. Aliniita nikaone. Mti ukafanya uteute ukiugusa. Nikamwambia mpigie Nerea. Akapiga, simu haikushika. Nikamwambia mtoto wa watu amesema kisitoke majini. Sasa wewe fikiria: huyu ni mtu aliyefundishwa tangu utotoni kwamba adui wa mti ni maji. Chano kibichi ukikichonga hukiachi kikaloa hata umande. Hukifunga gunia, hukiweka kivulini penye upepo mdogo, hukipaka mafuta ya nazi asubuhi na jioni mpaka kinywe kishibe, na hapo kitakuzika wewe na wajukuu wako. Ndivyo alivyofunzwa na Uthman, na hakijawahi kumpasukia chano.

"Yeye amesoma vitabu, Bi Zamzam," akaniambia. "Mimi nimesoma mti. Huu unaniozea nikiuona."

Akakitoa. Akakifuta kwa kanga safi, akakipaka mafuta, akakifunga, akakiweka kivulini. Hakuna mgonjwa aliyeuguzwa Langoni hii kwa mapenzi yale. Na kile chano kikaanza kulia. Nilikisikia kwa masikio yangu, ta, ta, mti unavyopasuka. Kila alipofungua gunia kilikuwa kimekunjika zaidi, kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Gamba la tope likabanduka lenyewe, likaondoka na ngozi yote ya mti. Ile sehemu ya alama ilimvunjikia vidoleni. Alikuja kwangu amefumba kiganja, akakifungua, ndani kulikuwa na makapi meusi.

Nerea aliporudi hakumgombeza, na afadhali angemgombeza. Aliketi kwenye kigogo akayatazama yale makapi. Mahmud akamwuliza swali moja tu, kama ilikuwa alama yao. Nerea akatoa simu, akaikuza picha aliyoipiga siku ile ya kwanza, ule mstari na ile ndoana. Akamwomba Mahmud achonge yake kwenye kipande cha ubao. Akaichonga kwa pumzi moja, macho hayapo hata kwenye kazi. Nerea akaviweka pamoja.

"Mzee," akasema, "kwenye picha, mstari uliopinda umeuelekea mwenzake. Huu wako umewapa wenzake mgongo."

Mahmud alitazama simu, akatazama ubao. Nami nilitazama, na ilikuwa kweli. Siku ile ya machozi hakuna aliyeangalia ndoana imeelekea wapi, nani angeangalia? Akamrudishia simu yake kwa mikono miwili. Akasema, "Basi si wetu." Akachukua ufagio akafagia karakana.

Baada ya hapo nikawa sisikii kitu. Tezo halilii, redio hailii. Nilikuwa nikigonga ukuta, naye anagonga kunijibu, ili nijue hajafa. Nilimpelekea wali, sahani ikarudi na wali wake. Barazani hakwenda tena. Wako waliosema alijitafutia, anajitungia mababu. Niliwatukana, Mungu anisamehe, na nitawatukana tena wakirudia.

Siku moja nilikuwa nakuna nazi, hasira zimenijaa sijui kwa nini, na chicha zimeingia kwenye ufa wa kibao. Nikainuka, nikaigeuza mbuzi kichwa chini niikung'ute. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilikuwa sijainama tangu nilipoirithi. Chini ya kibao, pamefunikwa na masizi ya jiko la mama yangu, palikuwa na mistari miwili na wa tatu uliopinda. Nikasugua kwa kanga. Uliopinda ulikuwa umewaelekea wenzake.

Hii ndiyo mbuzi ya kwanza. Aliichonga chano cha mamake kikiwapo bado, kimelala mbele yake, anatazama na kuiga. Na mimi nimeikalia miaka yote hiyo.

Niliibeba vile vile, nazi mpaka kwenye meno, nikaenda kwake bila hata kujifunika vizuri. Nikaigeuza nikamwekea mapajani.

Aliipeleka mlangoni kwenye mwanga. Akaitazama, halafu akatazama kidole gumba chake cha kushoto, kile chenye kovu. Hapo nami nikakumbuka. Tezo lilimkata kidole kile zamani, Uthman akiwa bado hai. Kilipopona kikawa hakina nguvu ya kukandamiza. Tangu hapo mstari wa tatu akawa anauvuta kutoka upande wa pili, kwa mkono wa kulia peke yake. Chano kilikuwa kimeshaliwa na mchwa, hakukuwa na kitu cha kulinganishia. Nguvu ilirudi baadaye, lakini mstari ukabaki umegeuka, na yeye mwenyewe hakujua.

Akacheka. Kisha hakucheka tena.

"Basi walikuwako," akasema.

"Walikuwako," nikamwambia.

"Na chano chao nimekikausha mimi."

Nilitaka kumwambia haidhuru, lakini ilidhuru. Nikakaa kwenye maranda nikalia, naye akanitazama kama nimemwonea kwa kumchukulia kazi yake. Nerea tulimpelekea picha ya mbuzi. Akajibu kwamba zafanana, zafanana sana, na zaidi ya hapo kazi yake haimruhusu kuapa. Ni mtoto mkweli. Mahmud akasema yatosha.

Nilidhani yamekwisha. Kesho yake akaja na patasi kwenye mfuko, akaniomba nifuatane naye. Alitaka kwenda nyumba kwa nyumba, kila penye chombo chake, aifute ile alama iliyogeuka na kuichonga upya inavyotakiwa. Nilimwuliza kama ana wazimu. Akasema hawezi kuwaacha wazee wake wamegeuziwa mgongo kila jikoni Langoni. Na mwanamume hawezi kuingia jikoni kwa watu peke yake, ndiyo maana alinihitaji mimi, nipige hodi, niingie kwanza, nieleze.

Basi tukazunguka. Wanawake walitucheka, kisha wakaacha kucheka. Tuligeuza vinu, tukageuza mbuzi, tukageuza vyano vilivyotumika harusini mpaka vimeng'aa. Alikuwa akipiga magoti, anafuta mmoja, anakata mwingine, anapuliza vumbi, anashukuru, anatoka. Nyingi ya nyumba zile hakuwahi kukaribishwa hata sebuleni. Aliona vyombo alivyovisahau. Kimoja alikisalimia, nilimsikia.

Nyumba ya Rumaisa aliiacha ya mwisho. Hakuniambia, lakini naijua njia, na nilimwona tunavyoizunguka. Rumaisa ni mjane sasa, Abdulghafur amekufa, Kamaludin amekufa zamani. Kinu chake kilichongwa na Mahmud. Mamake Rumaisa ndiye aliyekinunua, mwaka ule ule wa harusi ya bintiye. Nilipoeleza shida yetu, hakumwita mtu. Alikibiringisha kinu mwenyewe mpaka uani, akakilaza, akarudi akasimama kando ya nguzo na kanga kichwani.

Mahmud alifanya kazi polepole kuliko kwingine kote. Alifuta mstari wa tatu. Akaukata upya, umewaelekea wenzake. Akapuliza.

Rumaisa akauliza, "Alama hini ni ya nani, Mahmud?"

Hakuinua uso. Alipitisha kidole gumba, kile cha kovu, juu ya mistari yote mitatu.

"Ni ya kwetu," akasema.

Rumaisa akasema, "Ndiyo." Akakisimamisha kinu, akakirudisha jikoni mwenyewe, na sisi tukaaga.

Mlangoni pake alinishukuru, akaingia, nami nikaingia kwangu kupika. Magharibi ilipopita nilimsikia ng'ambo ya ukuta anamimina chai, kisha kikombe kimoja kikiwekwa juu ya meza.